Jike la Aprili

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Jumanne ya mwisho ya Aprili, bunduki ililia mara moja upande wa malisho ya kuzalia. Ardis Vilhauer alikuwa jikoni akingoja birika lichemke. Alisimama na kijiko mkononi, akasikiliza kama kuna mlio wa pili. Haukuja.

Mumewe, Orrin, alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kigoda. Nyonga yake ilikuwa imesagika. Jumatatu iliyofuata alikuwa na miadi ya upasuaji Rapid City, miadi aliyoingojea tangu kabla ya theluji ya kwanza. Baada ya hapo asingekanyaga malisho mpaka kiangazi kianze, na kondoo wote, pamoja na wanakondoo waliokuwa wanazaliwa usiku na mchana, wangekuwa mikononi mwa mkwe wao, Rustin. Rustin alikuja ranchini mwaka uliopita na Janelle, binti yao, kutoka Sioux Falls alikokuwa akiuza matairi ya trekta.

Aliingia na matope mpaka magotini, uso umechangamka.

"Nimempata, mzee. Koyoti. Katikati ya kondoo kabisa, ametulia kama yuko kwao. Risasi moja tu."

Orrin hakugeuza kichwa. "Dume au jike?"

"Koyoti tu. Nimemtundika kwenye uzio wa barabarani, wenzake wamwone."

"Wenzake hawasomi uzio. Wanaosoma ni majirani," Orrin alisema. "Ardis, nipe fimbo yangu."

Kutoka mlangoni mpaka uzioni si mbali, lakini Orrin aliutembea mwendo ule kwa vituo, na Rustin ilimbidi ajifanye anakagua nguzo ili asimtangulie. Mnyama, mfano wa bweha mkubwa, alikuwa ananing'inia kichwa chini, miguu ya nyuma imefungwa kwa waya. Manyoya yake yalikuwa yanapukutika mafungu mafungu, kama yanavyopukutika kila mwaka majira hayo. Tumboni hayakuwapo kabisa: ngozi ilikuwa wazi, na chuchu zimesimama zimezungukwa na wekundu. Orrin alibonyeza moja kwa kidole gumba. Maziwa yakatoka. Akajifuta kidole kwenye suruali, kisha akaufungua mdomo wa mnyama kwa ncha ya fimbo. Kati ya meno kulikuwa na utando mwembamba wa rangi ya damu ya mzee.

"Kondo la nyuma," alisema. "Alikuja kuokota makondo. Ulikuta mwanakondoo ameuawa?"

"Hapana."

"Ulitafuta?"

"Nilipiga kwanza," Rustin alisema.

Hakuvunja sheria. Katika wilaya ile koyoti hupigwa risasi siku yoyote ya mwaka na hakuna anayemuuliza mtu. Lakini katika nyumba ya akina Vilhauer bunduki ya koyoti ilitundikwa kwenye misumari miwili ya ukumbini tarehe mosi Machi, ikakaa hapo mpaka Novemba. Orrin alikuwa amelisema jambo hilo katika mikutano ya wafugaji kwa miaka mingi kiasi kwamba alipoinua mkono tu, watu walianza kutafuta kofia zao. Bunduki ya Rustin ilikuwa yake mwenyewe. Ilikaa nyuma ya kiti cha pikapu yake, na hakuna aliyekumbuka kuiwekea misumari.

Walikuwa bado wamesimama pale gari la Merle Stordahl, jirani wa upande wa kusini, lilipopunguza mwendo na kusimama. Merle aliteremsha kioo. Alimtazama mnyama, akamtazama Orrin, akamtazama mnyama tena.

"Naona kwenu mwaka huu Machi imechelewa," alisema.

"Habari za asubuhi, Merle."

"Nzuri tu. Wala simlaumu mtu. Sisi wenye dhambi tunapiga mwaka mzima. Ila wewe ndiye ulikuwa mhubiri wetu." Akainamisha shingo ili aone vizuri. "Na maziwa ya kahawa mmeshapata."

Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kwaheri ya watu wa huko, akaondoka taratibu. Kabla ya adhuhuri habari ingekuwa imefika kwenye duka la chakula cha mifugo, na kabla ya jioni kanisani.

Rustin alikuwa mwekundu masikioni. Orrin hakumwangalia.

"Mshushe," alisema, akaanza safari ya kurudi.

*

Mchana walikula supu ya viazi na madonge ya unga. Janelle alikuwa amerudi mapema kutoka shuleni anakofundisha, na mtu alikuwa ameshamwambia.

Rustin alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. Alisema koyoti aliyekufa Januari na aliyekufa Aprili wote wamekufa vilevile. Alisema hakuona maana ya kumsubiri mnyama amrarue mwanakondoo ndipo apewe ruhusa ya kumpiga. Alisema Merle anapiga mwaka mzima na kondoo wake wanaongezeka. Orrin alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza polepole, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda mjini. Ukiua Januari, umeua mmoja. Ukiua jike Aprili, umeua mmoja ukaacha wengine shimoni wakimngoja, nao hufa kwa kukauka, wala si siku hiyo hiyo. Na kama wameshaanza kula, basi dume huwinda peke yake kwa ajili yao wote, na kitu ambacho dume aliye peke yake hukipata kwa urahisi kuliko vyote ni mwanakondoo.

"Kwa hiyo hukumwondoa mwizi," Orrin alimaliza. "Umemtengeneza."

Ardis alimega mkate. Alikuwepo sheria ile ya bunduki ilipoanza, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Ngozi ya Januari ilikuwa na mnunuzi. Ya Machi ilikuwa inapukutika, na mnunuzi hakushuka hata kwenye gari kuiangalia. Bunduki ilitundikwa kwa sababu risasi zilikuwa zinapotea bure. Mambo ya jike na wanawe yaliingia baadaye, Orrin alipokuwa ameisimulia habari hiyo mara nyingi mpaka sababu ya kwanza ikadondoka njiani. Ardis hakuona kuwa sheria ilipungukiwa kwa hilo. Aliona tu kwamba haikuzaliwa takatifu kama ilivyosimuliwa.

"Nitapiga simu hospitali," Orrin alisema. "Waahirishe."

Kijiko cha Janelle kilisimama. "Baba, tangu Krismasi unalala kwenye kiti."

"Nitaendelea kulala kwenye kiti."

"Wakikuahirisha watakupa tarehe ya vuli. Utafika vuli hutembei kabisa."

"Wanakondoo hawazaliwi vuli."

Rustin aliweka kijiko chini kwa uangalifu. "Sema tu, mzee. Sema huniamini."

"Sikuamini," Orrin alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma kipimajoto nje ya dirisha.

Hakuna aliyeendelea kula. Ardis alikusanya bakuli moja, akalirudisha mezani.

"Kesho alfajiri nitakwenda na Rustin kulitafuta pango," alisema. "Tukiwaona wana tutajua wana umri gani na wanalishwa nini. Usipige simu mpaka turudi."

Orrin alimtazama mkewe. Babaye Ardis alikuwa mtu wa kuchimbua mapango, na kila mwenye kondoo bonde lile aliwahi kumwita. Orrin akaomba kahawa.

*

Walilala kifudifudi juu ya kigongo kabla hakujapambazuka, upepo wa kaskazini ukiwapiga usoni, jambo alilolitaka Ardis. Kati yao kulikuwa na bunduki ya Rustin, koleo na darubini. Nyasi zilikuwa na barafu nyembamba iliyoyeyuka chini ya viwiko vyao.

Rustin alinong'ona, "Mama, baba yako akiwapata alikuwa anafanyaje?"

"Anawachimbua. Mimi nilikuwa nashika gunia."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Wa kutosha kushika gunia."

Hakuuliza tena. Mwanga uliingia kutoka chini, ukafika kwanza kwenye mabanda, ukafika kwenye migongo ya kondoo, mwisho ukafika kwenye ukingo wa udongo mweupe upande wa pili wa kijito. Dume alitokea upande wa mabanda. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka, akakaa, akageuka kuangalia alikotoka kwa muda mrefu, ndipo akashuka mpaka chini ya ukingo na kusimama mbele ya mzizi uliojitokeza. Alishusha kichwa. Mabega yake yalipanda na kushuka mara mbili tatu, akatapika alichobeba tumboni.

Wakatoka. Ardis aliwahesabu kwa darubini: watano, weusi weusi kama fuko, wakiyumba. Mmoja alianguka juu ya mwenzake. Walikula.

"Wanakula nyama," alisema. "Ni wakubwa kuliko tulivyodhani. Hawatakufa njaa huyu akiwepo."

Rustin alikuwa ameshaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki. "Ninaye, mama. Amesimama ubavu."

"Naona. Halafu?"

Alikaa vile kwa muda. Chini kule dume alilamba mgongo wa mmoja wao, yule akaanguka tena.

"Halafu wale watano," Rustin alisema.

"Ndiyo."

Aliondoa shavu kwenye bunduki. Ardis hakumwambia aondoe wala asiondoe.

Dume alipokwisha kupotea nyuma ya kilima, walivuka kijito. Wana walikuwa wamerudi ndani. Mbele ya shimo udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, na juu yake kulikuwa na manyoya ya kindi wa ardhini, mabawa mawili ya ndege na mguu wa mwanakondoo, umekatika kwenye goti, sufu yake bado ina mawimbi.

Rustin aliuona kwanza. "Basi ndiye. Ameshaanza."

Ardis aliuokota na kuugeuza juu chini. Chini ya kwato kulikuwa na nyama laini ya manjano, imejikunja kama nta iliyoanza kuyeyuka. Mwanakondoo hutoka nayo tumboni ili kwato zisimchane mama yake. Akisimama tu, akitembea hatua chache kutafuta chuchu, inalika yote. Hii haikuguswa. Alimwonyesha Rustin kwa ukucha.

"Huyu hakusimama hata mara moja. Alizaliwa amekufa."

Rustin aliitazama kwato, kisha akatazama upande wa mabanda, njia ile aliyokuja nayo dume.

"Shimo," alisema.

Nyuma ya mabanda kulikuwa na korongo, ndilo waliloliita shimo, ambamo akina Vilhauer walitupa mizoga yao. Babaye Orrin alitupa humo, Orrin akatupa humo, na wiki ile Rustin alikuwa ametupa wanakondoo watatu waliozaliwa wamekufa, kama alivyoonyeshwa. Kutoka upande ule wa kijito, njia fupi ya kwenda korongoni ilipita katikati ya malisho ya kuzalia.

*

Ardis aliuweka ule mguu mezani juu ya gazeti, mbele ya mumewe. Orrin alibonyeza ile nyama ya manjano kwa kidole gumba, kidole kile kile. Hakuhitaji kuelezwa.

"Shimo la baba," alisema. "Limekuwa pale siku zote."

"Na wao wamekuwa wakija siku zote," Ardis alisema. "Tunawaita kula, halafu tunashangaa wanapita ukumbini."

Orrin alisugua nyonga. Alikuwa mtu aliyesimama mbele ya wafugaji wenzake mara nyingi na kuwaambia wakati gani ni halali na wakati gani si halali, na muda wote huo nyuma ya mabanda yake alikuwa ameandaa meza. Ardis aliona wazo hilo likimpitia, akamwachia. Janelle alikuwa mlangoni.

"Naweza kulifukia leo," Rustin alisema. "Kwa trekta, kabla ya giza." Sauti yake haikuwa na ushindi wowote, na Ardis alilitambua hilo.

"Lifukie," Orrin alisema. Kisha, huku akiukunja mguu ule ndani ya gazeti: "Dume akianza kuua, utajuaje?"

"Nitakuta mwanakondoo amekufa."

"Utakuta wengi wamekufa. Baridi inaua, mama zao wanawalalia, wengine hawanyonyi. Koyoti akimkuta amekufa atamla, na wewe utaona meno useme ni yeye. Chuna shingo. Ngozi ikitoka na chini yake ni peupe, aling'atwa akiwa ameshakufa. Mzike uende zako. Ukikuta damu imevilia, aling'atwa moyo unapiga."

"Na nikiikuta?"

"Basi ni yeye, na ni wale watano, siku hiyo hiyo. Nusu ya kazi uliifanya jana. Hutaifanya nusu tena."

Rustin alitikisa kichwa kukubali. Orrin aliusogeza mfuko wa gazeti pembeni na kuvuta kikombe chake. Simu ya hospitali hakuipiga.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili wauguzi walimsimamisha Orrin, akawaambia wanamshika kama ndama, wao wakasema ndama hana maneno mengi hivyo.

Rustin alipiga simu jioni ile. Alikuwa amekuta mwanakondoo amekufa karibu na banda, tumbo limeliwa. Alimchuna shingo mpaka mabegani, kulikuwa peupe, akamzika. Ardis alimweleza Orrin, naye akauliza tu kama alimchuna pande zote mbili. Alimchuna pande zote mbili.

Siku ya Alhamisi simu ilikuja asubuhi. Ardis alisikia upepo kwanza, kabla ya sauti.

"Wawili, mama. Kijitoni. Wote wana damu. Imevilia nyeusi kama jamu, mpaka kwenye taya."

Alimpa Orrin simu. Orrin alisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Wote wawili?" alisema. Kisha: "Walikuwa wamenyonya?" Mwisho akasema, "Basi unajua," akarudisha simu.

Ardis alikwenda dirishani. Chini kulikuwa na maegesho ya magari na mwanamke akitafuta gari lake. Alifanya hesabu, kwa kuwa alikuwa na tabia hiyo. Dume mmoja, midomo mitano nyumbani, na chakula alichokiokota kila usiku bila jasho sasa kilikuwa chini ya udongo mzito. Lile shimo lilistahili kufukiwa. Lingefukiwa Novemba, mnyama angejifunza njia nyingine kabla hajawa na wa kulisha. Lilifukiwa siku moja baada ya jike kufa. Aliyesema lifukiwe ni Orrin, aliyelifukia ni Rustin, na aliyeweka mguu mezani ni yeye.

Alipogeuka, Orrin alikuwa anamtazama, na kwa jinsi alivyomtazama Ardis aliona kwamba naye amefika kwenye hesabu ile ile.

"Usimwambie sasa," Orrin alisema. "Aimalize kazi kwanza."

*

Yaliyobaki Janelle aliyasimulia kwenye simu. Ijumaa Rustin aliondoka kabla ya mapambazuko na bunduki mbili, yake na ile ndogo ya kupigia panya, pamoja na koleo. Alirudi saa sita mchana. Aliosha mikono kwenye bomba la nje ingawa maji yake yanauma, akala amesimama, akarudi kwa kondoo. Usiku Janelle alimsikia anagonga nyundo ukumbini. Alipotoka alikuta misumari miwili mipya chini ya ile ya zamani, na bunduki ya Rustin imetundikwa.

Jumamosi, dukani, Merle Stordahl alimuuliza Janelle kama ni kweli dume alianza kuua. Alisema ndiyo. Alimuuliza kama mumewe amempata. Alisema ndiyo. Merle alisema ajabu, kwa maana amepita barabarani asubuhi na hakuona kitu kwenye uzio. Janelle alimwambia magunia ni mazito, amsaidie kupakia. Merle alimsaidia.

Ardis alimrudisha Orrin Jumatatu alasiri. Rustin aliliona gari toka mbali, akawa ameshafika langoni. Kwenye waya wa juu, pale jike alipokuwa ananing'inia, kishungi cha manyoya ya kijivu kilikuwa kimenasa kwenye mwiba wa seng'enge. Orrin aliteremsha kioo.

"Wote?"

"Wote sita, mzee."

"Wanakondoo?"

"Hakuna aliyeguswa tangu Alhamisi." Rustin alishika lango kwa mikono miwili. Alikuwa amepungua usoni. "Nimefikiri. Tulifukia vibaya. Si vibaya, ila si wakati wake. Nilimnyang'anya chakula akiwa na watoto."

Orrin alimtupia Ardis jicho. Ardis alitikisa kichwa: si yeye aliyemwambia.

"Tulimnyang'anya," Orrin alisema.

"Mizoga ya mwaka huu nitaipeleka mbali kwa pikapu. Ya mwakani tuchimbe shimo ng'ambo ya barabara. Februari, kabla hawajachagua mapango."

"Februari ardhi ni jiwe. Trekta italia tu."

"Basi Novemba."

Orrin alitazama mguu wake mpya, akachezesha vidole ndani ya soksi ya hospitali.

"Novemba," alisema. "Kabla hatujazishusha bunduki."

Ardis alipitisha gari. Rustin alifunga lango nyuma yao na kuzungusha mnyororo kwenye nguzo.